Meru: Nyika Iliyotangazwa na Simba Mmoja

Mto Tana, ambao maji yake twayapokea huku pwani karibu na Kipini, hulishwa na mito mingi itokayo katika milima ya Nyambene. Mito hiyo hupita katika nyika yenye mikoma kama hii yetu, nayo ndiyo mbuga ya Meru. Wameru na Watharaka waliijua tangu zamani. Ulimwengu haukuwa na habari nayo.

Mwaka 1956 George Adamson, aliyekuwa afisa wa wanyamapori, alimwua simba jike aliyemshambulia, kisha akatambua kwamba alikuwa akilinda watoto watatu wachanga. Wawili walipelekwa Ulaya. Wa tatu, Elsa, alilelewa naye na mkewe Joy, akafunzwa kuwinda, akaachiliwa mwituni huko Meru. Joy akayaandika hayo katika kitabu chake Born Free kilichotoka 1960, kikasomwa kila pembe ya dunia. Januari 1961 Elsa alikufa kwa maradhi yaletwayo na kupe, akazikwa kando ya mto Ura. Filamu yake ilitoka 1966, ikapata tuzo 2 za Oscar, na mwaka huo huo Meru ikawa mbuga ya taifa.

Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kuwa baraza la wilaya la Wameru wenyewe ndilo lililotenga ardhi ile mwaka 1959, kabla ya kitabu kutoka. Sifa, kwa maoni yetu, ilikwenda kwa simba na waliomlea, na wenye ardhi wakabaki pembeni.

Wala umaarufu haukuwa ngao. Katika miaka ya 1980 majangili wenye bunduki waliwamaliza tembo wengi na faru. Mwaka 1988 waliwaua faru weupe waliokuwa wakilindwa usiku na mchana. Agosti 1989 George Adamson mwenyewe aliuawa huko Kora, ng'ambo ya Tana. Watalii wakatoweka, jina likabaki kubwa, na mbuga ikawa tupu.

Ilikuwa kazi ya miaka mingi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kuirudisha: wanyama wakahamishiwa huko kutoka mbuga nyingine, na faru wakatengewa eneo lao lenye uzio. Leo msafiri apitaye Embu na Meru mjini hadi lango la Murera huweza kulizuru kaburi la Elsa, na njiani asikutane na misururu ya magari aliyoizoea Maasai Mara.