Bingwa Aliyekubali Kuwa Kuruti Tena: Erin Jackson, Kutoka Magurudumu Hadi Barafu

Ndugu wasomaji, askari wa jeshi na wa polisi, leo tunawaletea habari za mchezo ambao wengi wetu hatujapata kuushuhudia kwa macho, kwa kuwa huchezwa juu ya barafu. Nayo barafu, katika nchi zetu za ikweta, twaijua ile iliyo juu ya vilele vya Rwenzori na ile iliyo ndani ya jokofu. Hata hivyo tumeona si vema habari hizi zitupite. Ndani yake mna mambo mawili ambayo kila mwenye sare hukutana nayo siku moja katika utumishi wake: kuanza mafunzo upya hali amekwisha kuwa na cheo, na kumwachia mwenzake mahali ambapo kwa haki ni pake yeye.

Mnamo tarehe 13 Februari 2022, katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi iliyofanyika mjini Beijing, China, binti wa Kimarekani aitwaye Erin Jackson, aliyekuwa na umri wa miaka 29, alishinda mbio za kuteleza juu ya barafu za mita 500. Muda wake ulikuwa sekunde 37.04. Miho Takagi wa Ujapani, ambaye alikwisha kukimbia mapema na muda wake ukakaa kileleni kwa kitambo kirefu, alipata nishani ya fedha kwa sekunde 37.12, naye Mrusi Angelina Golikova akapata ya shaba kwa sekunde 37.21. Kati ya dhahabu na fedha palikuwa na sehemu 8 tu za mia za sekunde moja, muda usiotosha hata kufumba na kufumbua jicho.

Kwa ushindi huo Jackson akawa mwanamke mweusi wa kwanza duniani kutwaa nishani ya dhahabu katika shindano la mtu mmoja mmoja tangu Michezo ya Majira ya Baridi ilipoanzishwa mwaka 1924. Tena Wamarekani walikuwa hawajapata mwanamke mshindi wa masafa hayo tangu Bonnie Blair aliposhinda mwaka 1994. Lakini linalostaajabisha zaidi ni hili: miaka mitano kabla ya siku ile, mshindi huyo ndiyo kwanza alikuwa akijifunza kusimama juu ya barafu.

MJI USIO NA BARAFU

Jackson ni mwenyeji wa mji wa Ocala, katika jimbo la Florida, kusini mwa Marekani. Hiyo ni nchi ya joto, ya mashamba ya farasi na miti ya michungwa, ambako theluji ni jambo la kusimuliwa. Mchezo aliokulia ni ule wa viatu vya magurudumu, ambavyo magurudumu yake hupangwa kwa mstari mmoja chini ya wayo, moja nyuma ya jingine. Huchezwa juu ya sakafu, saruji au lami, na wakimbiaji wake hodari huenda kasi ya kumwacha nyuma mwendesha baiskeli wa kawaida.

Katika mji huo alikuwako mwalimu wa kike, Renee Hildebrand, aliyewafundisha vijana mbio hizo. Mikononi mwake walipita Brittany Bowe, Joey Mantia na Erin Jackson. Wote watatu walipata kuwa mabingwa wa magurudumu, na Jackson alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana kabla hajatimiza miaka 20. Wakati huohuo hakuacha masomo: mwaka 2015 alihitimu shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Florida.

Lakini mchezo huo wa magurudumu una upungufu mmoja mkubwa, nao ni kwamba haumo katika Michezo ya Olimpiki ya watu wazima. Mtu aweza kuwa bingwa wa dunia mara nyingi, asijulikane nje ya wapenzi wa mchezo wake. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1990, mabingwa wa magurudumu wamekuwa wakihamia barafuni mmoja baada ya mwingine. Mmarekani KC Boutiette aliifungua njia hiyo akafika Olimpiki ya Lillehammer mwaka 1994. Derek Parra alimfuata, akapata dhahabu ya mita 1500 mjini Salt Lake City mwaka 2002. Chad Hedrick, aliyekuwa mfalme wa magurudumu katika siku zake, alipata dhahabu ya mita 5000 mjini Torino mwaka 2006. Bowe na Mantia nao walivuka, na mwisho ikafika zamu ya Jackson.

MAZOEA NI ADUI

Msomaji aweza kudhani kuwa kuhama huko ni jambo jepesi, kwa kuwa kwa mbali michezo hiyo miwili yafanana kama ndugu mapacha. Mkimbiaji huinama vilevile, huzungusha mikono vilevile, na hukata kona kwa upande wa kushoto vilevile. Mfanano huo ndio mtego wenyewe.

Gurudumu la kiatu hutengenezwa kwa plastiki ngumu yenye kushika ardhi. Kwa hiyo mwenye magurudumu aweza kusukuma kwa nguvu zake zote, akasukuma nje na hata ndani, na gurudumu likamvumilia. Mabingwa wa magurudumu, na Hedrick ndiye aliyesifika zaidi kwa hilo, walijizoeza kusukuma mara mbili kwa mguu mmoja kabla ya kuuinua. Kwenye barafu ujuzi huo haufai kitu. Huko mtu husimama juu ya bapa la chuma lenye unene wa milimita moja hivi na urefu unaopita wayo wake. Bapa hilo haling'ati barafu mpaka lilazwe juu ya ukingo wake, na uzito wote wa mwili uwe umetulia juu yake. Anayesukuma kwa haraka, au anayesukuma kuelekea nyuma kama mtu anayekimbia barabarani, hupata mtelezo mtupu, na nguvu zake hupotea bure. Yampasa asukume ubavuni, kwa subira, akingoja chuma kishike kwanza.

Zaidi ya hayo, kiatu chenyewe kina bawaba chini ya vidole. Kisigino huinuka, nalo bapa hubaki juu ya barafu kitambo zaidi likiendelea kusukuma. Uvumbuzi huo ulitoka Uholanzi, ukaenea mnamo mwaka 1997, na katika Olimpiki ya Nagano ya mwaka 1998 rekodi nyingi zikavunjwa kwa sababu yake. Mtu aliyezoea kiatu cha magurudumu, ambacho kisigino chake hakiachani na fremu, hana budi kuufundisha mguu wake upya.

Hata namna ya kushindana ni tofauti. Mbio nyingi za magurudumu hukimbiwa kwa kundi: watu hujificha nyuma ya wenzao kuukwepa upepo, husukumana mabega, na hungoja nafasi ya kuchomoka. Kwenye barafu, katika mita 500, wakimbiaji huingia wawili wawili, kila mmoja katika njia yake, na hubadilishana njia mara moja ili umbali uwe sawa. Uwanja una mzunguko wa mita 400, kwa hiyo mbio nzima ni mzunguko mmoja na mita 100 zaidi. Hapana wa kujificha nyuma yake wala wa kumvizia. Adui ni saa, na anayejikwaa hana nafasi ya kurudisha alichokipoteza.

Kila mkufunzi wa jeshi na polisi atalielewa jambo hili. Ni rahisi kumfundisha shabaha kijana ambaye hajapata kushika bunduki, kuliko yule aliyeizoea miaka mingi kwa namna nyingine. Wa kwanza hufundishwa tu. Wa pili yampasa kusahau kwanza, na kusahau kwauma, kwa kuwa humfanya mjuzi aonekane mjinga mbele ya watoto.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Jackson. Mapema mwaka 2017 alikwenda kuijaribu barafu kwa muda mfupi, na kuanzia Septemba mwaka huo alijitia katika mazoezi kamili mjini Salt Lake City. Bingwa aliyezoea kutazamwa na wengine akawa kuruti wa kutazama wengine. Hata hivyo, Januari 2018, akiwa na miezi minne hivi tu ya mazoezi hayo, alishiriki mchujo wa taifa mjini Milwaukee akapata nafasi ya kwenda Olimpiki ya PyeongChang, Korea ya Kusini. Huko alimaliza wa 24.

Wengine wangeridhika na jina la kuwa Mwanaolimpiki. Yeye alirudi uwanjani miaka minne mingine. Novemba 2021, huko Poland, alishinda mbio za Kombe la Dunia, mwanamke mweusi wa kwanza kufanya hivyo katika mchezo huo, na kabla ya Olimpiki alikwisha kushinda mbio 4 kati ya 8 za mita 500 za msimu ule. Jina lake likakaa juu ya orodha ya dunia.

SIKU YA MCHUJO

Lakini kutangulia si kufika. Januari 2022, katika mchujo uleule wa Milwaukee, mwanamke aliyekuwa wa kwanza duniani alijikwaa katikati ya mbio. Hakuanguka, ila alipoteza muda, na alipovuka mstari alikuwa wa tatu. Marekani ilikuwa na nafasi mbili tu za masafa hayo. Kwa sheria ya mchujo, Jackson alikuwa nje.

Aliyeshinda mbio zile hakuwa mwingine ila Brittany Bowe, mtoto wa Ocala, aliyelelewa na mwalimu yuleyule na kuvuka kutoka magurudumu miaka kadhaa kabla ya mwenzake. Bowe hakuwa mtu mdogo: mwaka 2019 aliweka rekodi ya dunia ya mita 1000. Nafasi ile aliipata kwa jasho lake, hakuiokota. Hakuna kanuni iliyomlazimisha kuiacha, wala mkubwa yeyote hangeweza kumlaumu kama angeishika.

Bowe aliiacha. Alisema kuwa Jackson ndiye anayestahili kwenda, naye akajitoa katika mita 500 ili mwenzake aingie. Ni kweli alikuwa na masafa mengine ya kukimbia, lakini siku alipotoa neno hilo hakuwa na hakika ya kupata nafasi nyingine katika mita 500, na nafasi ya Olimpiki huja mara moja katika miaka minne.

Tujuavyo sisi wenye sare, sheria ni sheria, na yapo maneno ya haki kwa upande huo. Mchujo umewekwa ili pasiwe na upendeleo. Anayejikwaa leo aweza kujikwaa tena kesho. Na kama kila matokeo yangebadilishwa baadaye, hapana mtu angejitahidi. Yote hayo twayakubali. Lakini tuangalie vizuri jinsi jambo lilivyotendeka. Hakuna kiongozi aliyeivunja sheria kumwokoa mtu mashuhuri, wala Jackson hakunyang'anya haki ya mtu. Mwenye haki mwenyewe ndiye aliyeitoa, kwa hiari yake, ndani ya sheria, kwa kuwa aliuliza swali ambalo kamanda mwema hujiuliza kila anapopanga kikosi: Je, kwa kazi hii, ni nani kati yetu ana uwezo mkubwa zaidi wa kuitimiza?

Nafasi zilipogawanywa upya baina ya mataifa, Marekani ikaongezewa ya tatu, na Bowe akakimbia mita 500 pia, akawa wa 16. Siku chache baadaye alipata nishani ya shaba katika mita 1000. Tena katika ufunguzi wa Michezo hiyo, mwenzao aliyechaguliwa kubeba bendera ya taifa alipozuiwa na ugonjwa wa korona, ni Bowe aliyepewa heshima hiyo pamoja na mwanamichezo mmoja wa kiume. Joey Mantia naye alipata shaba pamoja na timu ya wanaume. Hivyo watoto watatu wa mwalimu mmoja, kutoka mji mmoja usiojua barafu, walirudi kutoka Beijing kila mmoja na nishani yake.

LA KUZINGATIA

Ndugu wasomaji, siku hizi askari haishi na silaha moja wala kazi moja hadi kustaafu. Leo ni mlinzi wa mpaka, kesho apelekwa kozi ya mawasiliano. Polisi aliyezoea doria ya miguu aambiwa ajifunze mashine za kutunzia kumbukumbu. Mara nyingi anayemfundisha ni kijana mdogo kwake kwa umri na kwa cheo. Wako wanaokataa kwa moyo, ijapokuwa miili yao imeketi darasani. Hao wamkumbuke Jackson, aliyekubali kuonekana mjinga mwaka 2017 ili awe mjuzi mwaka 2022.

Na siku ile orodha itakapobandikwa, na jina lako likawa juu ya jina la mwenzako ambaye wewe mwenyewe wajua kuwa kazi ile aiweza kukushinda, hapo hapana amri itakayokujia kutoka juu. Utaachwa peke yako na nafsi yako, kama alivyoachwa Bowe.