NYUMBA HUCHAGUA SHULE
Maneno kwa mzazi aliyewasili Sydney na watoto wake



Katika mambo yanayomkabili mhamiaji mara anapotua Sydney, ni machache yamnyimayo usingizi kama shule ya watoto. Kitanda chaweza kuazimwa, na kazi yaweza kungojewa mwezi mmoja au miwili. Lakini mwaka wa mtoto ukipita umepita. Ndiyo maana toleo hili limelitengea jambo hilo nafasi ya kutosha.

Wengi wetu twatoka nchi ambazo mtihani wa taifa ndio mizani ya kila shule. Mzazi aliyelelewa Tanzania anakumbuka mtihani wa darasa la 7. Wa Kenya anaikumbuka KCPE, iliyofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Wa Kongo anao moyoni Mtihani wa Serikali wa mwisho wa sekondari. Shule bora ilikuwa ile iliyotajwa redioni, na mara nyingi ilikuwa ya bweni, mbali na nyumbani. Tukija na mizani hiyo, swali letu la kwanza huwa: “Shule ipi hapa ni bora?” Swali hilo lina haki yake, lakini hapa New South Wales linatanguliwa na jingine: “Utapanga nyumba wapi?”

Anwani kwanza

Kila shule ya serikali katika jimbo hili ina eneo lake. Mtoto anayeishi ndani ya eneo hilo ana haki ya nafasi, na shule haina ruhusa ya kumfukuza kwa kuwa hajui Kiingereza au kwa kuwa amekuja katikati ya mwaka. Mtoto wa nje ya eneo huomba tu, naye hupokewa nafasi ikibaki. Katika shule zinazopendwa mara nyingi haibaki. Mpaka wa eneo waweza kupita katikati ya barabara, nyumba za upande huu zikaenda shule moja na za upande ule shule nyingine.

Basi kabla ya kutia sahihi mkataba wa pango, ingieni katika ukurasa wa intaneti wa Idara ya Elimu uitwao School Finder, andikeni anwani ya nyumba hiyo, nao utawaonyesha shule yake ya msingi na ya sekondari. Asiye na intaneti na aende maktaba ya mtaa wowote. Huduma hiyo ni ya bure na wahudumu humsaidia mgeni. Hifadhini pia karatasi za makazi, yaani mkataba wa pango na bili za umeme au gesi, kwa sababu shule huzidai ili kuthibitisha anwani. Kwa mtoto wa shule ya msingi chukueni na kumbukumbu zake za chanjo.

Hesabu ya madarasa na hukumu ya umri

Majina ya madarasa yamewachanganya wengi. Darasa liitwalo Kindergarten si chekechea tuliyoizoea. Ni mwaka wa kwanza wa shule ya msingi yenyewe. Mtoto anayetimiza miaka 5 ifikapo tarehe 31 Julai aweza kuanza mwanzoni mwa mwaka huo, na sheria yataka kila mtoto awe ameandikishwa atimizapo miaka 6. Shule ya msingi humalizika darasa la 6, na darasa la 7 ni mwanzo wa sekondari. Sekondari humalizika darasa la 12 kwa cheti cha Higher School Certificate, kifupi HSC. Mwaka una mihula minne, kuanzia mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari hadi Desemba. Mtoto hulazimika kusoma mpaka amalize darasa la 10. Baada ya hapo, mpaka atimize miaka 17, ni lazima awe shuleni, katika mafunzo ya ufundi, au kazini.

Jambo zito zaidi ni hili: hapa mtoto huwekwa darasani kwa kufuata umri wake. Kukaririshwa darasa, jambo la kawaida kwetu, hapa ni nadra. Tufikiri juu ya vijana wawili wenye miaka 15. Mmoja ametoka kambi ya Kakuma, ambako shule hufuata mtaala wa Kenya kwa Kiingereza. Mwingine ametoka Nyarugusu, ambako watoto wa Kikongo wamesoma mtaala wa kwao kwa Kifaransa, tena kwa kukatizwa mara kwa mara. Hapa wote wawili watahesabiwa wa darasa la 9 au la 10. Wa pili ataketi mbele ya kitabu cha sayansi asichoweza kukisoma, pembeni mwa wenzake waliokianza wakiwa wadogo. Mzazi akinyamaza, kijana huyo atajiona mjinga, ilhali kosa si la akili yake.

Kituo cha Kiingereza si adhabu

Kwa ajili ya vijana kama hao jimbo limeweka vituo maalumu viitwavyo Intensive English Centre. Kijana wa umri wa sekondari aliyewasili karibuni husoma humo mihula kadhaa kabla ya kuingia sekondari ya kawaida. Madarasa ni madogo, na hisabati, sayansi na historia hufundishwa humo pamoja na Kiingereza chake. Vituo hivyo vimo, miongoni mwa kwingine, Bankstown, Cabramatta, Fairfield, katika Evans High School ya Blacktown na katika Holroyd High School ya Greystanes. Uliza shule ya sekondari ya mtaani kwako ikuelekeze, na uulize mapema, maana nafasi hizi zimekusudiwa wageni wapya.

Wako wazazi wanaozikataa nafasi hizo kwa kudhani kuwa mtoto “anarudishwa nyuma”. Twawasihi wafikiri tena. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, amekuwa akionyesha kwamba mtoto mgeni hupata lugha ya mazungumzo kwa muda wa miaka kama 2, lakini lugha ya vitabu na mitihani huchukua miaka 5 hadi 7. Hivyo mtoto anayebishana na rafiki zake kwa Kiingereza cha haraka bado aweza kuwa hafahamu swali la insha. Masikio ya mzazi hudanganyika hapo, na hata mwalimu hudanganyika. Miezi michache kituoni ni msingi wa nyumba, nasi twajua hasara ya kuezeka kabla ya kuchimba msingi.

Watoto wa shule ya msingi hawaendi katika vituo hivyo. Wao husaidiwa shuleni mwao na mwalimu wa Kiingereza kwa wageni. Kijana atakayefika darasa la 11 akiwa na miaka isiyozidi 5 ya masomo kwa Kiingereza aweza kuruhusiwa kuchukua somo la Kiingereza la HSC lililotungwa kwa ajili ya wasiozaliwa na lugha hiyo. Haki hiyo hupotea kwa sababu tu hakuna aliyeiuliza.

Serikali, kanisa, msikiti na watu binafsi

Shule za Australia ni za aina tatu: za serikali, za Kikatoliki, na za kujitegemea. Katika nchi nzima, karibu theluthi mbili ya wanafunzi wamo katika za serikali. Mgawanyo huu una historia ndefu. Sheria ya elimu ya mwaka 1880, iliyoongozwa na Henry Parkes, ilikata msaada wa serikali kwa shule za dini katika jimbo hili. Wakatoliki walizibeba shule zao kwa michango ya waumini kwa miaka mingi. Mwezi Julai 1962 ugomvi juu ya vyoo vya shule moja mjini Goulburn ukawafanya wazazi wafunge shule zote za Kikatoliki za mji huo na kuwapeleka watoto kwa mamia katika shule za serikali, ambazo hazikuweza kuwapokea wote. Katika miaka iliyofuata fedha za serikali zikaanza kurudi katika shule za dini, na hata leo shule hizo hupokea ruzuku.

Kwa sababu hiyo karo ya shule nyingi za Kikatoliki za parokia si ya kutisha, na familia yenye shida yaweza kuomba ipunguziwe. Waislamu nao wana shule zao, kama Al-Noori iliyoanza mwaka 1983 na Malek Fahd ya Greenacre iliyoanza 1989. Lakini baadhi ya shule maarufu za kujitegemea za Sydney hutoza zaidi ya dola 40,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi mmoja. Mwenye uwezo huo hahitaji shauri letu. Asiye nao asijione ameshindwa na malezi, wala asifanye kazi za usiku mpaka watoto wasimwone, ili alipie jina la shule.

Shule ya serikali haidai karo kwa raia, kwa mkazi wa kudumu, wala kwa mkimbizi. Michango inayoombwa mwanzoni mwa mwaka ni ya hiari, na mtoto hanyimwi masomo kwa kutoichangia. Asiyemudu sare au safari za masomo na amwone mkuu wa shule kwa faragha, kwa kuwa upo mfuko wa kuwasaidia wanafunzi. Wenye viza za muda, baadhi yao hutozwa ada kabla ya kuandikishwa. Ulizeni hilo kwanza. Nauli pia yaweza kuwa bure: mtoto wa Kindergarten hadi darasa la 2 hupewa kadi ya usafiri bila sharti la umbali, na wa sekondari anayetembea kilomita 2.9 au zaidi kufika shuleni naye hustahili.

Shule za mchujo

Zipo shule za sekondari za serikali zinazopokea wanafunzi kwa mtihani, zaidi ya 40 katika jimbo, baadhi kwa wanafunzi wote na nyingine kwa sehemu tu. Inayotajwa zaidi ni James Ruse ya Carlingford. Maombi hupelekwa mtoto akiwa darasa la 5 na mtihani hufanywa darasa la 6. Tangu uandikishaji wa mwaka 2023, hadi asilimia 20 ya nafasi hutengwa kwa makundi yenye upungufu wa fursa, wakiwamo watoto wa familia zisizo na uwezo. Mtoto apendaye masomo na ajaribu. Lakini shule hizi zisigeuzwe mungu wa nyumba. Mtoto anayezungushwa kutoka darasa moja la jioni hadi jingine kwa miaka miwili, kisha akakosa, asihisi kwamba amekosa na mapenzi ya wazazi wake.

Nenda ukaione kwa macho yako

Matokeo ya shule yamewekwa hadharani tangu 2010 katika ukurasa wa intaneti uitwao My School, yakiwamo ya mtihani wa NAPLAN wa madarasa ya 3, 5, 7 na 9. Yasomeni kwa tahadhari. Shule ya mtaa wa matajiri huanza mbio ikiwa mbele. Tazameni kama watoto wa shule hiyo wanasonga mbele mwaka hata mwaka, zaidi ya kutazama nani yuko juu.

Kisha ombeni kuitembelea. Ulizeni maneno machache: Walimu wangapi wa Kiingereza kwa wageni wapo, na kwa siku ngapi kwa wiki? Mtoto akidhihakiwa kwa rangi yake, nani atashughulikia, na mzazi ataarifiwa lini? Vijana waliokuja wakubwa huishia wapi: HSC, ufundi wa TAFE, au mitaani? Mtoto aliyeona vita atasaidiwaje? Kwa swali hili la mwisho, shirika la STARTTS, lililoanzishwa mwaka 1988 kwa ajili ya walionusurika mateso, hushirikiana na shule. Jibu la mkuu wa shule litawaeleza mengi, na namna anavyojibu itawaeleza mengi zaidi.

Msiende na mtoto awe mkalimani wenu. Anayefasiri habari zake mwenyewe hupamba palipo pabaya, na heshima ya mzazi hupungua kila mara. Ukalimani wa Kiswahili hupatikana kwa simu 131 450, huduma iliyoanza mwaka 1973, na shule hugharimia mazungumzo hayo.

Kwetu, mzazi akiitwa shuleni hujua pana kesi. Hapa huitwa kwa heri, na asipofika hudhaniwa kuwa hajali. Kadhalika, viboko vimekatazwa na sheria katika shule zote tangu miaka ya 1990. Nidhamu hulindwa kwa mazungumzo kati ya mwalimu na mzazi, na mazungumzo hayo yanamtaka mzazi awepo.

Lugha ya nyumbani

Neno la mwisho. Baadhi ya wazazi huacha Kiswahili nyumbani wakidhani wanamharakishia mtoto Kiingereza. Matokeo yake mtoto hujifunza Kiingereza kilichovunjika cha wazazi, na hupoteza lugha ambayo wangeweza kumwonya, kumtania na kumfariji kwayo. Mtoto anayejua kusoma Kiswahili vizuri haanzi upya kujifunza kusoma; huuhamisha ujuzi alio nao. Simulieni hadithi, someni pamoja, na andikeni barua kwa bibi na babu.

Kwa muhtasari: tafuteni nyumba mkiwa na ramani ya shule mkononi; msikiogope kituo cha Kiingereza; msinunue jina msilolimudu; nendeni shuleni kabla hamjaitwa. Anayewajua walimu wa mwanawe kwa majina, nao wakamjua kwa lake, amekwisha kumchagulia mtoto shule nzuri katika mtaa wowote wa mji huu. Tunawatakia watoto wote mwaka wa masomo wenye baraka.