SAFARI YA FAMILIA KUVUKA MUTUKULA: VYETI VYA AFYA NA HESABU YA SIKU

Malipo ya kahawa yakishapokelewa na shule zikishafungwa mwezi Desemba, familia nyingi za wanachama wa Bukoba na Muleba huanza safari za kuwatembelea jamaa. Baadhi ya jamaa hao wako ng'ambo ya mpaka. Wako watu wa Kiziba na Missenyi wenye shangazi, wakwe na wajukuu huko Masaka na Kampala, na undugu huo ni wa kale kuliko mpaka wenyewe. Barabara kutoka mjini Bukoba kupita Kyaka hadi Mutukula ni ya kilometa 80 hivi, na mwenye gari zima hufika kwa muda usiozidi saa mbili. Hata hivyo safari hiyo fupi yaweza kukatika mbele ya meza ya afisa wa afya kwa sababu ya karatasi moja ya mtoto mmoja.

Makatibu wa vyama vya msingi ndio wanaoulizwa na wanachama juu ya mambo haya, kwa kuwa ofisi ya chama ndiyo iliyo karibu na kijiji. Yafaa basi wao wenyewe wayaelewe vyema.

KWA NINI VYETI HUDAIWA

Cheti cha afya si jambo geni. Wazee waliosafiri miaka ya 1960 na 1970 wanakijua kijitabu cha manjano kilichoonyesha kwamba msafiri amechanjwa ndui. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merka, Somalia, mwaka 1977, na mwezi Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa huo umetokomezwa. Ukurasa wa ndui ukakosa kazi, lakini kijitabu kilibaki kwa ajili ya homa ya manjano.

Mwezi Machi 2020 shirika hilo lilitamka kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia nzima. Mwezi huo huo Uganda ilifunga mipaka yake kwa abiria, ikaruhusu malori ya mizigo tu. Familia zilizokuwa zimetengana kwa wiki moja zikajikuta zimetengana kwa miezi. Tarehe 20 Septemba 2022 Ebola ilitangazwa Mubende, nchini Uganda, ikaisha tarehe 11 Januari 2023. Kisha tarehe 21 Machi 2023 ikathibitishwa kwamba homa ya Marburg imeingia Wilaya ya Bukoba, katika kata za Maruku na Kanyangereko. Watu 9 waliugua na 6 kati yao walifariki, akiwamo mtumishi wa afya. Mlipuko huo ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023.

Jambo la kuangaliwa ni hili: mwishoni mwa mwaka 2022 watu wa Kagera waliitazama Uganda kwa hofu, miezi michache baadaye Uganda ndiyo iliyoitazama Kagera. Anayedaiwa cheti leo, kesho ndiye atakayetaka mwenzake adaiwe. Kwa hiyo cheti kisichukuliwe kuwa ni udhia wa nchi ya jirani. Ni amana baina ya nchi mbili.

AINA TATU ZA UTHIBITISHO

Uthibitisho wa afya mpakani ni wa aina tatu, na kila aina ina kazi yake.

Ya kwanza ni cheti cha chanjo. Hiki huonyesha kwamba mwili umekwisha kupewa kinga. Ya pili ni cheti cha kipimo. Hiki huonyesha tu kwamba ugonjwa haukuonekana saa sampuli ilipochukuliwa, na ndiyo sababu maisha yake ni mafupi. Ya tatu ni uchunguzi wa papo hapo, yaani kupimwa joto la mwili na kujaza fomu yenye jina, mahali msafiri alikotoka, anakokwenda na namba ya simu. Aina hii hutumika hasa kwa magonjwa ambayo hayana chanjo ya kumpa msafiri.

HOMA YA MANJANO

Katika hizo tatu, cheti kinachodaiwa wakati wote, pawe na mlipuko au pasiwe, ni cha homa ya manjano. Uganda hukidai kwa kila aingiaye mwenye umri wa mwaka mmoja na zaidi. Tanzania nayo hukidai kwa wanaotoka katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Uganda ni mojawapo. Hivyo familia itokayo Bukoba yaweza kuulizwa cheti wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zimeeleza masharti ya cheti hicho, nayo ni haya:

1. Cheti huanza kuwa halali siku 10 baada ya tarehe ya kuchanjwa. Kabla ya hapo ni karatasi tu.

2. Cheti ni cha mtu mmoja. Baba hawezi kubeba cheti kimoja kwa niaba ya nyumba nzima. Kila mtoto awe na chake.

3. Cheti kitiwe saini kwa mkono na mganga au mtumishi wa afya aliyeidhinishwa, tena kigongwe muhuri wa kituo. Muhuri hauwi badala ya saini.

4. Cheti kijazwe kikamilifu kwa Kiingereza au Kifaransa. Lugha nyingine yaweza kuongezwa, lakini haitoshi peke yake.

5. Kufuta, kukwangua au kusahihisha juu ya maandishi, au kuacha sehemu bila kujazwa, kwaweza kukibatilisha.

6. Mtoto asiyejua kuandika hutiliwa saini na mzazi au mlezi wake. Mtu mzima asiyejua kuandika huweka alama yake, na mtu mwingine huthibitisha kwamba alama hiyo ni yake.

Masharti haya hayatakuwa mageni kwa katibu yeyote aliyewahi kukaguliwa vitabu. Stakabadhi ya kahawa iliyokwanguliwa kilo haipokelewi na mkaguzi hata kama kilo zenyewe ni za kweli. Afisa wa afya naye hana njia ya kuuona mwili wa msafiri kwa ndani. Anachokiona ni karatasi.

Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti cha homa ya manjano ni halali kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Hata vyeti vya zamani vilivyoandikwa kwamba vitakwisha baada ya miaka 10 vinahesabiwa kuwa vya maisha. Mzee mwenye cheti cha mwaka 2009 hana haja ya kuchanjwa tena. Haja yake ni kukitafuta sandukuni na kuhakikisha kwamba jina lililoandikwa linalingana na la pasipoti.

Chanjo hii hutolewa kwa kawaida kwa watoto waliotimiza miezi 9. Wajawazito, wagonjwa wenye kinga dhaifu na wazee wapate kwanza ushauri wa mganga. Akiona kwamba chanjo haifai kwa mtu huyo, mganga huandika maelezo ya sababu, nayo huchukuliwa mpakani yazingatiwe.

FUNZO LA SAA 72

Wakati wa UVIKO-19 wasafiri walijifunza hesabu nyingine. Mwezi Mei 2021 Tanzania iliagiza kwamba aingiaye awe na cheti cha kipimo kilichochukuliwa ndani ya saa 72 kabla ya kufika. Hesabu hiyo ilianza pale sampuli ilipochukuliwa, si pale majibu yalipotolewa. Aliyepimwa Jumatano saa mbili asubuhi, akapewa majibu Alhamisi jioni, alidhani anazo siku tatu kuanzia Alhamisi. Alipofika mpakani Jumamosi saa tano asubuhi, cheti chake kilikuwa kimekwisha tangu saa tatu nyuma. Na kwa gari lenye watu sita, cheti cha mmoja kikiisha, safari ya wote imeisha.

Chanjo ya UVIKO-19 ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, na mwezi Machi 2022 Tanzania ikawasamehe kipimo wasafiri waliokamilisha chanjo. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha, na nchi nyingi zimeacha kudai vyeti vya ugonjwa huo. Funzo lililobaki ni kwamba masharti hubadilika upesi. Aliyesafiri mwaka jana asiwe mwalimu wa mwaka huu. Aulize upya ofisi ya afya mipakani siku chache kabla ya kuondoka.

PASIPO NA CHETI

Ebola ya mwaka 2022 ilikuwa ya aina ya Sudan, ambayo haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Marburg nayo haina. Magonjwa hayo hayana cheti cha kubeba. Kinachotakiwa ni ukweli wa msafiri. Dalili za Marburg zaweza kuchelewa hadi siku 21 baada ya kuambukizwa. Mwaka 2023 watu 212 waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa wa Bukoba walifuatiliwa mpaka muda wao ulipotimia. Kazi hiyo iliwezekana kwa kuwa watu walitaja majina na mahali walipokuwa.

Kwa sababu hiyo mtu aliyemuuguza mgonjwa wa ugonjwa usiojulikana, au aliyeosha maiti yake, asianze safari kabla ya kuonana na watumishi wa afya. Kumeza dawa ya kushusha joto ili kupita kwenye kipimo si werevu. Ni kuupeleka msiba kwenye nyumba ya wakwe.

KARATASI NYINGINE ZA SAFARI

Cheti cha afya hakiondoi haja ya hati za kawaida. Kila msafiri awe na pasipoti, au hati ya dharura ya safari itolewayo na Idara ya Uhamiaji. Watoto wachukuliwe na nakala za vyeti vya kuzaliwa. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na mjomba, awe na barua ya ridhaa ya mzazi asiyekuwapo. Yatima anayelelewa na ndugu awe na barua ya kuthibitisha ulezi huo.

Dereva awe na leseni na kadi halisi ya gari. Ikiwa gari si lake, awe na barua ya mwenye gari. Bima ya ndani haitoshi. Itakiwe kwa wakala wa bima Kadi ya Njano ya COMESA. Hapa wengi hukosea, kwa kuwa cheti cha homa ya manjano nacho huitwa cha njano. Kimoja ni cha mtu na kingine ni cha gari, na kimoja hakisimami mahali pa kingine. Forodhani huombwa pia kibali cha kuingiza gari kwa muda. Tangu Novemba 2017 Mutukula ni kituo cha huduma kwa pamoja: msafiri hukamilisha taratibu za nchi zote mbili upande wa nchi anayoingia. Karatasi zote ziwe mkononi, si chini ya mizigo.

Zawadi nazo ziangaliwe. Mnyauko wa migomba uliothibitishwa Uganda mwaka 2001 ulionekana Kagera mwaka 2006. Miche ya migomba isivushwe bila cheti cha afya ya mimea, hata ikiwa imetoka shambani kwa babu.

MFANO WA HESABU

Chukuliwe mfano wa mwanachama wa Kamachumu anayetaka kuondoka na mkewe, mama yake mzazi na watoto watatu tarehe 20 Desemba. Akiwachanja watoto tarehe 12, vyeti vyao vitaanza kuwa halali tarehe 22, na familia itazuiliwa ingawa kila mmoja ana karatasi mkononi. Siku ya mwisho kabisa ya kuchanja ni tarehe 10. Iliyo salama ni mwisho wa Novemba. Kwa hiyo mapema Novemba ashughulikie pasipoti na vyeti vya kuzaliwa. Katikati ya Novemba, chanjo. Wiki ya kwanza ya Desemba, bima na barua. Na siku tatu kabla ya safari aulize kama pametokea sharti jipya.

WAJIBU WA KATIBU

Barua ya chama yaweza kumtambulisha mwanachama, lakini haiwi badala ya cheti cha afya wala ya hati ya Uhamiaji, na katibu asikubali kuiandika kana kwamba inaweza. Wanachama waonywe pia juu ya vyeti vya kununua. Mwenye kununua cheti bila kuchanjwa amelipa fedha ya kahawa yake ili asikingwe. Na akigundulika, hupoteza safari na kukabiliwa na sheria.

Mwisho, inashauriwa makala haya yasomwe katika mkutano wa wanachama kabla ya msimu wa likizo, na orodha ya karatasi zilizotajwa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa chama, pamoja na maneno haya: hesabu ya siku ianzie tarehe ya safari kurudi nyuma.