Kumlisha mtoto mwenye mzio wa vyakula vingi bila kumnyima lishe

Mtoto wa miezi minane analetwa kliniki akiwa amepungua uzani. Mama yake hakumtelekeza. Amemchunga kuliko kawaida. Alipompa maziwa ya ng'ombe, mtoto alitapika. Alipompa yai, uso ulivimba. Alipompa uji wa unga uliochanganywa, mabaka mekundu yalimtapakaa mwilini. Jirani akamshauri aache samaki, binamu akamwambia maharagwe nayo ni hatari, na hatimaye mtoto akabakia na uji mweupe wa mahindi na viazi vilivyopondwa.

Mfano huu hauhusu mtoto mmoja mahususi. Hata hivyo, mzazi yeyote ambaye mwanawe ana mzio wa vyakula kadhaa ataitambua safari hiyo: kila siku chakula kimoja kinaondolewa sahanini, na hakuna kinachowekwa mahali pake.

Mtoto wa namna hii anakabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ni chakula kinachomdhuru, na hiyo huonekana waziwazi. Ya pili huja kimyakimya, nayo ni utapiamlo unaoletwa na hofu ya wanaomlea. Hatari hii si ya kupuuzwa katika nchi ambayo, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya wa mwaka 2022, asilimia 18 ya watoto wa chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa.

Kwa hivyo, kanuni ya kumlisha mtoto huyu ni moja: asiondolewe chakula bila ushahidi, na kila kinachoondolewa kipewe mbadala.

Mzio ni nini?

Mzio hutokea wakati ambapo mfumo wa kinga ya mwili, ambao kazi yake ni kupambana na viini vya maradhi, unakosea na kuichukulia protini ya chakula kuwa adui. Hali hii ni tofauti na ile ya tumbo kushindwa kusaga sukari iliyomo kwenye maziwa, ambayo husumbua lakini si mzio. Ni tofauti pia na wekundu unaojitokeza kuzunguka kinywa cha mtoto aliyekula nyanya au chungwa. Huo aghalabu ni mwasho wa ngozi tu.

Chakula chochote kinaweza kuleta mzio, lakini vinavyosababisha sehemu kubwa ya mizio kwa watoto vinajulikana: maziwa ya ng'ombe, mayai, njugu karanga, korosho na jamii yake, soya, ngano, samaki, kamba na kaa, pamoja na simsim.

Mzio hujitokeza kwa njia mbili. Upo wa papo hapo, unaoonekana katika muda wa dakika chache hadi saa mbili: mabaka yanayowasha, kuvimba midomo au macho, kutapika, kukohoa na kupumua kwa shida. Upo pia wa kuchelewa, unaozuka baada ya saa kadhaa au hata siku: kutapika mfululizo, kuhara, damu au kamasi kwenye choo, na kuzidi kwa ukurutu wa ngozi.

Tofauti hii ina uzito. Mzazi anayetazama mlo wa mwisho pekee huweza kukihukumu chakula kisicho na hatia, ilhali mkosaji aliliwa jana. Ndiyo maana daftari dogo la jikoni ni msaada mkubwa kwa daktari: mtoto alikula nini, kiasi gani, saa ngapi, dalili gani zilitokea, na baada ya muda gani.

Vipimo vya ngozi na vya damu husaidia, lakini havitoi hukumu ya mwisho. Jibu chanya huonyesha kwamba mwili umetengeneza kingamwili dhidi ya chakula fulani. Halithibitishi kwamba mtoto atadhurika akikila. Mtoto anayekula maharagwe bila tatizo lolote hafai kunyimwa maharagwe eti kwa kuwa yametajwa kwenye karatasi ya maabara. Tena kumwachisha chakula alichokizoea kunaweza kumfanya apatwe na mzio anaporejeshewa baadaye.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni kumpa mtoto chakula kinachoshukiwa kidogo kidogo hospitalini, daktari akiwa karibu na dawa za dharura zikiwa tayari.

Tatizo la unga wa mchanganyiko

Katika familia nyingi nchini, chakula cha kwanza cha mtoto baada ya maziwa ya mama ni uji. Wazazi wenye nia njema hununua unga uliochanganywa, au hupeleka kwenye kisiagi wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu na omena, vyote visagwe pamoja. Kwa mtoto asiye na mzio, huo ni mlo wenye virutubishi tele.

Kwa mtoto mwenye mzio, bakuli hilo moja limebeba soya, njugu na samaki, na pengine ngano, kisha uji wenyewe hupikwa kwa maziwa. Akipatwa na mabaka, hakuna ajuaye ni kipi kilichomdhuru. Matokeo yake ni kwamba vyote huondolewa, hata wimbi na mtama ambavyo si washukiwa wa kawaida.

Njia bora ni kuanza na unga wa nafaka moja. Wimbi ni chaguo zuri kwa kuwa lina wingi wa madini ya chokaa, ambayo mtoto asiyetumia maziwa ya ng'ombe huyahitaji sana. Aidha wimbi, mtama, mahindi na mchele havina ile protini ya ngano.

Ikumbukwe pia kwamba mashine ya kisiagi huhudumia watu wengi. Soya au njugu za mteja aliyetangulia huacha mabaki yanayoingia kwenye unga wako. Ikiwa mzio wa mtoto ni mkali, ni afadhali kutwanga nafaka yake nyumbani.

Kapu bado lina vyakula

Shirika la Afya Duniani (WHO) hupima ubora wa mlo wa mtoto wa kati ya miezi sita na 23 kwa makundi manane: maziwa ya mama, nafaka na viazi, jamii ya kunde, njugu na mbegu, maziwa na bidhaa zake, nyama na samaki, mayai, matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi, na matunda na mboga nyinginezo. Mtoto anapaswa kupata angalau makundi matano kwa siku.

Sasa tuchukue hali ngumu: mtoto ambaye daktari amethibitisha kwamba hawezi kula maziwa ya ng'ombe, mayai, njugu, soya, ngano wala samaki. Hivyo ni vyakula sita, na mzazi anapoisikia orodha hiyo hukata tamaa. Lakini tuhesabu.

Maziwa ya mama yapo. Nafaka zipo: wimbi, mtama, mchele, mahindi, pamoja na viazi vitamu na nduma. Jamii ya kunde ipo: ndengu, maharagwe na kunde zenyewe, kwani watoto wengi wenye mzio wa njugu hula maharagwe bila madhara. Nyama ipo: kuku, ng'ombe, mbuzi na maini. Malenge, karoti, maembe, mapapai, sukuma wiki na mchicha vipo. Ndizi na parachichi vipo. Makundi yaliyopotea ni mawili tu, yaani mayai na bidhaa za maziwa. Yamesalia sita.

Katika kupanga mlo, madini ya chuma yapewe kipaumbele, kwa maana baada ya miezi sita maziwa ya mama pekee hayakidhi mahitaji hayo. Maini kidogo yaliyopondwa, nyama iliyosagwa, au ndengu zilizoliwa pamoja na tunda lenye vitamini C huziba pengo hilo. Nguvu itokayo kwenye siagi na maziwa hupatikana kwa kuongeza kijiko cha mafuta ya kupikia, tui la nazi au parachichi.

Suala la maziwa

Mama aendelee kunyonyesha. WHO hupendekeza maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, kisha kunyonyesha kuendelee pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Akina mama wengi hawahitaji kubadilisha mlo wao wenyewe. Ikiwa mtoto huathirika kwa kunyonya tu, daktari anaweza kumshauri mama aache chakula fulani kwa wiki mbili hadi nne, kisha akirejee ili ithibitike kama kweli ndicho chanzo. Mama anayeacha maziwa kwa muda mrefu naye apewe ushauri kuhusu madini ya chokaa na vitamini D.

Wengi hukimbilia maziwa ya mbuzi. Hilo ni kosa, kwani protini zake zinafanana mno na za maziwa ya ng'ombe, na idadi kubwa ya watoto wanaodhuriwa na moja hudhuriwa na jingine. Maziwa ya ngamia yana tofauti kubwa zaidi kiprotini, lakini hayafai kuwa kinywaji kikuu cha mtoto wa chini ya mwaka mmoja, na yakinywewa mabichi huweza kuambukiza ugonjwa wa brusela. Vinywaji vya soya, mchele au nazi navyo si mbadala wa maziwa ya mama.

Kwa mtoto asiyenyonya, yapo maziwa maalumu ya kopo ambayo protini zake zimevunjwavunjwa ili kinga ya mwili isizitambue. Bei yake ni ghali, na yanafaa kutumiwa kwa ushauri wa daktari.

Kuanza chakula kipya

Ushauri kuhusu vyakula vyenye mzio umebadilika. Mwaka 2000, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilipendekeza kwamba watoto walio katika hatari ya mzio wasipewe njugu hadi watimize miaka mitatu. Ushauri huo uliondolewa mwaka 2008 kwa kukosa ushahidi.

Mnamo 2015, watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Profesa Gideon Lack walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai. Waliopewa vyakula vyenye njugu mapema, kabla ya kutimiza mwaka mmoja, walipungukiwa na uwezekano wa kupata mzio wa njugu kwa takriban asilimia 80 walipofika umri wa miaka mitano, ikilinganishwa na walionyimwa.

Maana yake ni kwamba kuchelewesha si kinga. Hata mtoto ambaye tayari ana mzio wa maziwa na mayai hafai kunyimwa njugu au samaki kwa hofu tu. Hata hivyo, aliyewahi kudhurika vibaya au aliye na ukurutu mkali aonwe kwanza na daktari.

Chakula kipya kitolewe kimoja kwa wakati, mtoto akiwa mzima, asubuhi au mchana wala si usiku. Anza na ncha ya kijiko, uongeze siku zinazofuata, na ungoje siku mbili tatu kabla ya kuleta kingine. Yai lipikwe hadi liive kabisa. Njugu ziwe laini na zilizolainishwa zaidi kwa maji au uji; njugu nzima huweza kumkaba mtoto. Na kikishakubalika, chakula hicho kiendelee kuliwa mara kwa mara.

Dharura na jukumu la jamaa

Mtoto akipumua kwa shida, sauti ikikauka, ulimi ukivimba, au akilegea na kupauka baada ya kula, hiyo ni dharura. Alazwe, asibebwe wima begani, na akimbizwe katika hospitali iliyo karibu. Dawa inayookoa maisha ni adrenalini inayodungwa kwenye paja. Dawa za kawaida za kutuliza mwasho haziwezi kushika nafasi yake. Asitapishwe wala asinyweshwe maziwa ili "kupunguza sumu".

Kila anayemshika mtoto anapaswa kuzijua kanuni zake. Nyanya, shangazi na yaya humpenda mtoto, na kwa upendo huohuo huweza kumwonjesha kipande cha mandazi chenye ngano na maziwa, au mboga za kienyeji zilizotiwa maziwa au njugu zilizosagwa. Orodha ibandikwe ukutani jikoni: vilivyokatazwa upande mmoja, vinavyoruhusiwa upande wa pili. Upande wa pili ukiwa mrefu kuliko wa kwanza, mlezi hatakuwa na kisingizio cha kumwacha mtoto na uji mtupu.

La kutia moyo ni kwamba watoto wengi wenye mzio wa maziwa, mayai, ngano au soya hupona kadiri wanavyokua, ingawa mzio wa njugu na samaki mara nyingi hudumu. Kwa sababu hiyo, marufuku iliyowekwa mtoto akiwa na miezi minane isigeuzwe kuwa sheria ya maisha. Apelekwe kwa daktari kila baada ya miezi sita hadi 12 ili orodha ikaguliwe upya.

Baina ya ziara hizo, kijitabu cha kliniki kitazamwe kila mwezi. Mstari wa uzani ukipanda, mlo unatosha hata kama ni wa vyakula vichache. Ukilala au kushuka, mzazi asingoje mabaka yatokee ndipo amtafute mtaalamu wa lishe.