Lugha ya Msaada katika Kompaila: Kuutafuta na Kuusoma Mwongozo wa GCC

Kompaila ni programu ya kompyuta ifasiriyo maandishi ya lugha ya programu na kuyageuza yawe maagizo yawezayo kutekelezwa na mashine. Aghalabu huendeshwa kwa amri zinazopigwa chapa mstari mmoja mmoja, pasipo picha wala vitufe vya kuchagulia. Kwa hivyo mtumiaji hana budi kuyajua maneno ambayo kompaila inayafahamu. Na asipoyajua, ajue mahali pa kuyauliza. Makala haya yanaeleza msaada huo kwa mfano wa GCC, kompaila iliyotolewa mara ya kwanza na Richard Stallman nchini Marekani mwaka 1987, kisha yanaonyesha swali la kisarufi ambalo msaada huo unakiwekea Kiswahili.

Msaada wa GCC una ngazi tatu, na kila ngazi hujibu swali la namna yake.

Ngazi ya kwanza imo ndani ya kompaila yenyewe. Amri "gcc --help" huorodhesha machaguo ya kawaida, kila moja kwa maelezo mafupi. Orodha hiyo si kamili, kwani machaguo mengine yamegawanywa kwa makundi: "gcc --help=warnings" huonyesha yale ya maonyo, na "gcc --help=optimizers" yale ya kuiboresha programu ili iende kasi au iwe ndogo. Ngazi hii humfaa ajuaye anachokitafuta lakini amesahau jina lake.

Ngazi ya pili ni ukurasa wa mwongozo, usomwao kwa amri "man gcc". Desturi ya kurasa hizi ni ya zamani: mwongozo wa kwanza wa Unix, ulioandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika Bell Labs, una tarehe 3 Novemba 1971. Ukurasa huanza kwa jina, ukafuatiwa na muhtasari wa matumizi, maelezo na machaguo. Katika muhtasari, mabano ya mraba huonyesha jambo la hiari, na nukta tatu jambo liwezalo kurudiwa. Alama hizo hazipigwi chapa katika amri yenyewe. Kwa kuwa ukurasa wa GCC ni mrefu mno, msomaji hupiga alama ya mkwaju na kuandika neno alitafutalo, kisha hupiga herufi n ili kuliona lilipojitokeza tena, na herufi q ili kutoka.

Ngazi ya tatu ni kitabu kizima, kisomwacho kwa "info gcc" pale kilipowekwa katika kompyuta. Ukurasa wa ngazi ya pili ni dondoo tu la kitabu hiki.

Faida ya kuusoma mwongozo huonekana katika chaguo -Wall. Jina lake lina neno la Kiingereza lenye maana ya "yote", na mwanafunzi aweza kudhani kwamba litamletea maonyo yote. Mwongozo unaeleza vingine: baadhi ya maonyo huletwa na -Wextra, na mengine sharti yaitwe moja moja. Atakayeridhika na jina atapitwa na makosa ambayo kompaila ingemwonyesha.

Mwongozo huo umeandikwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, jumbe za kompaila zimetafsiriwa kwa lugha kadhaa, zikiwemo Kifaransa, Kijerumani, Kijapani na Kivietinamu, Kiswahili hakimo. Tatizo si la msamiati peke yake. Nyingi za jumbe hizi ni violezo vyenye pengo, na jina lolote alilolibuni mwandishi wa programu hutiwa humo. Kiingereza chaweza kuarifu kwamba x haikutangazwa bila kujali x ni nini. Mfasiri wa Kiswahili hulazimika kuchagua: haikutangazwa, hakikutangazwa, au halikutangazwa? Upatanisho wadai ngeli, na x haina ngeli.

Suluhisho mojawapo ni kutanguliza nomino: "jina x halikutangazwa". Hapo kitenzi hupatana na "jina", na pengo laweza kujazwa na lolote. Lakini kila mfasiri akiamua peke yake, mwanafunzi atakutana na upatanisho wa namna tatu kwa kosa lile lile, asijue kama ni kosa moja au matatu. Kanuni hiyo yafaa iwekwe na wanaisimu kabla ya ujumbe wa kwanza kutafsiriwa.