Hana mbele ya Eli, mama mbele ya mizani



Katika Samweli wa Kwanza, sura ya 1, kuhani Eli yuko mlangoni pa hekalu kule Shilo akimtazama mwanamke anayeomba bila sauti, midomo tu ikicheza. Papo hapo akaamua kwamba amelewa. Hakumuuliza kitu. Alikuwa kuhani wa miaka mingi, na bado macho yake yalimdanganya.

Nilimkumbuka Eli hivi karibuni huko Didia, nilipokwenda kumwona dada mmoja wa kanisani aliyekuwa ametoka kujifungua. Njiani watu humwamkia "Mwangaluka, mayu", na wenzake humwambia amependeza, mume anamtunza. Kwetu Usukumani mama akinenepa, wengi huona nyumba ina heri.

Kliniki mambo yaligeuka. Hii ilikuwa mimba yake ya tatu. Mizani ilikuwa barazani, mbele ya akina mama waliokuwa wakisubiri zamu. Nesi akasoma kwa sauti: "Mia moja na nne! Mama, wenzako nyumbani unawaachia chakula kweli?" Benchi zima likacheka. Mkanda wa kupimia presha haukumtosha. Ukafungwa, ukafyatuka, ukafungwa tena, na kila mara pakawa na neno la pembeni. Kituo chenyewe sitakitaja.

"Nilitamani ardhi ipasuke," aliniambia. Akakunja kadi yake, na kwa miezi miwili hakurudi.

Miezi miwili ni mingi kwa mama kama yeye. Mjamzito mwenye unene uliopita kiasi yuko karibu zaidi na shinikizo la damu, kisukari cha mimba, kifafa cha mimba na kujifungua kwa upasuaji. Yaani aliyefukuzwa kwa kicheko ndiye hasa aliyehitaji kurudi. Wala hayuko peke yake: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi. Tunashukuru kwamba vifo vya uzazi nchini vimeshuka, kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti huo hadi 104 katika ule wa 2022. Lakini mama asiyefika kliniki hapimwi.

Sisemi nesi anyamaze kuhusu uzito. Kunyamaza nako ni kumtelekeza mgonjwa. Wala simwoni kuwa mtu mbaya. Huenda tangu alfajiri alikuwa peke yake na foleni ndefu. (Eli naye alikuwa na mzigo wake, wanawe walimsumbua.) Ila namba inaweza kuandikwa kwenye kadi bila kutangazwa. Mkanda mpana wa presha nao si anasa: mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma presha juu kuliko ilivyo, na mama anaweza kutibiwa ugonjwa asio nao. Na kumwambia mjamzito "acha kula" si ushauri, maana mimba si wakati wa kujinyima. Mtu akae naye wazungumze: ugali upungue kidogo, mgagani na dagaa viongezeke, soda ziachwe, atembee.

Nasi waumini tusijitoe. Kile kicheko kilitoka kwenye benchi, na kwenye benchi lile walikuwepo waimba kwaya.

Aliyemrudisha ni jirani yake, mkunga mstaafu, aliyebisha hodi asubuhi akasema, "Vaa, tunakwenda wote." Siku hiyo presha ilikuwa juu kweli, na mkojo ulikuwa na protini. Akapewa rufaa siku ileile. Alijifungua kwa upasuaji, yeye na mtoto wakiwa salama.

Eli, Hana alipomweleza uchungu wake, hakujitetea. Alimbariki. Na Biblia haikuacha kutaja jambo moja dogo: Hana, aliyekuwa hali chakula kwa huzuni, akaenda zake akala.

Jumapili iliyofuata arobaini, dada yetu alimleta mtoto kanisani kwa shukrani. Mchungaji akauliza alizaliwa na kilo ngapi. Mama akashika kipaza sauti mwenyewe: "Nne na gramu mia moja!" Vigelegele vikapigwa, na mkunga yule mstaafu alikuwa amesimama nyuma yake, amembebea mkoba.