Tarakilishi Moja, Ndimi Mbili

Mtu akisimama sokoni Lwakhakha, katika eneo la Sirisia, mpakani mwa Kenya na Uganda, husikia jambo ambalo sisi wanaisimu hatuchoki kulistaajabia. Mchuuzi humsalimu jirani kwa Lubukusu, akapatana bei kwa Kiswahili, kisha akamgeukia mteja aliyevuka mto kutoka Uganda na kusema naye Lumasaaba. Hakuna lugha aliyoisahau ili kuipisha nyingine.

Nimelikumbuka soko hilo kwa sababu ya swali linalowasumbua walimu wengi: tarakilishi kuukuu ifanywe nini? Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo hudai, pamoja na mengine, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho tarakilishi nyingi za zamani hazina. Mwalimu aliyejinyima akanunua tarakilishi ya mkono wa pili huambiwa mambo mawili tu: nunua mpya, au futa kila kitu uweke Linux, mfumo usiolipiwa. La kwanza hana uwezo nalo. La pili analiogopa, maana mitihani, alama na maazimio ya kazi ya miaka mingi yamo humo.

Ipo njia ya tatu, wala si ngeni. Kampuni ya IBM iliuza mfumo wa namna hiyo kwa mitambo yake mikubwa mwaka 1972. VMware ikauleta katika tarakilishi za kawaida mwaka 1999. VirtualBox ikafuata kama programu huria mwaka 2007. Programu hizi hutenga sehemu ya kumbukumbu na ya diski, zikaunda tarakilishi dhahania ndani ya ile halisi. Linux ikiwekwa humo hufanya kazi kana kwamba ina mashine yake yenyewe, kumbe diski yake yote ni faili tu ndani ya Windows. Mwanafunzi akikosea hata mfumo ukavunjika, hulifuta faili hilo na kuanza upya. Mitihani ya mwalimu haiguswi.

Hata hivyo, tusidanganyane. Mifumo miwili hula chakula cha wawili. Kumbukumbu ya gigabaiti 4 itakwama. 8 inatosha, nayo diski iwe na nafasi ya gigabaiti 25 hivi. Katika tarakilishi nyingine uwezo huu umezimwa, na sharti uwashwe kwanza katika mipangilio ya BIOS. Aidha, Linux iliyomo ndani haiikingi Windows iliyo nje. Kwa hiyo hicho ni chuo cha mazoezi, si makao ya kudumu. Mwalimu akiisha kuzoea, ahifadhi nakala za kazi zake, kisha ageuze mambo: Linux iwe mwenyeji, Windows iwe mgeni asiyeunganishwa na intaneti, aitwe tu kwa ile programu moja isiyo na mbadala. Mgeni huyo naye ahitaji leseni halali.

Lakini je, haya yanamhusu nini mwanaisimu? Yanamhusu sana. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Waliweza kwa kuwa programu huria humruhusu yeyote kuitafsiri na kuisambaza. Kwa ruhusa hiyo hiyo, mwalimu mmoja aweza kupakua Linux mjini Bungoma, akawagawia wenzake wa Sirisia kwa kidude cha flashi bila kuvunja sheria. Mwanafunzi wa Lubukusu aliyejifunza humo leo aweza kesho kuipa lugha ya mamaye kamusi ya tahajia.

Katika shule nyingi za Kenya, mtoto aliyesema lugha ya mama alivishwa kibao shingoni, kana kwamba kichwa cha binadamu hakina nafasi ya ndimi mbili. Soko la Lwakhakha lilikuwa limekwisha kuyakanusha hayo. Tusiirudie dhana ile kwa mashine. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Nami naongeza kwamba msala waweza kujaribiwa huku mbacha ungali umetandikwa.